Namna ya kujipanga kumtunza mzazi aliye Tanga wakati watoto mko Dar

Jamani wenye wazazi Tanga hili tuliongee mapema kabla hamjapigiwa simu ya usiku. Pita Ngamiani kwenye zile barabara za namba uangalie, nyumba ina vyumba sita na wanaolala ndani ni bi mkubwa na mjukuu mmoja wa darasa la nne, wengine wote wapo Dar wanatafuta maisha.

Tusiseme tu watoto wa siku hizi hawana adabu, hesabu yenyewe imebadilika. Watu wanaishi miaka mingi kuliko zamani, chanjo zipo, dawa za presha zipo, alafu tunazaa wachache. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alikua anazaa wastani wa watoto zaidi ya 6, kufika 2022 ni 4.8, kwahiyo mzigo waliokua wanaubeba ndugu wengi mtaubeba wachache. Japani wako mbali zaidi, karibu watu 3 kwa kila 10 wana miaka 65 na kuendelea, ila wenzetu toka mwaka 2000 wana bima ya matunzo ya wazee na mtu akifikisha miaka 40 anaanza kuichangia. Sisi wenye miaka 60 na zaidi ni kama 6 tu kwa kila 100, muda bado tunao, lakini huku bara pensheni kwa sehemu kubwa ni ya waliokua wameajiriwa, mvuvi wa pale Deep Sea Tanga na mama aliyeuza mihogo maisha yake yote wanaitoa wapi? Bima yao ni nyie.

Sasa anzeni na kikao, na mzee mwenyewe awepo, msimpangie kama hayupo. Muulizeni anataka kukaa wapi maana wengi hawataki kabisa kuhamishiwa Dar wakafungiwe ndani ya geti, wanataka msikiti wao, majirani wao, mtu wa kumpa shikamoo asubuhi.

Alafu yule dada aliyebaki nyumbani, hapa ndo familia nyingi zinaharibu. Yeye ndo anaogesha, anapika uji, anapeleka kliniki, kila mtu anamwambia Mungu atakulipa. Mlipeni nyie! Hela yake iwe mbali na hela ya matumizi ya mzee, tarehe ijulikane, kila mtoto atume kwa uwezo wake na mmoja aandike nani katoa nani bado, maana ugomvi wa mirathi mara nyingi unaanzia hapa, aliyeuguza anaona wenzie wamekuja kugawana tu.

Matibabu: sera ya taifa ya wazee ya 2003 inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure, ila lazima atambuliwe, kwahiyo nendeni serikali ya mtaa na kwa mtendaji wa kata mkaulizie kitambulisho cha mzee akiwa bado mzima, msingoje mpaka yuko kitandani. Mkifika hospitali ulizeni dirisha la wazee.

Nyumbani kwanza bafuni. Sakafu ya saruji ikishika utelezi mzee anateleza, akivunjika nyonga ndo basi tena kutembea kwa wengi. Isugueni, fundi afunge bomba la kushikilia ukutani pale pembeni ya choo, wekeni taa, na kama ni choo cha kuchuchumaa mpeni kile kiti chenye tundu katikati, fundi seremala yeyote anakichonga. Dawa za presha na sukari zinunuliwe kabla hazijaisha, wazee wengi wakijisikia vizuri wanaacha kumeza, kwahiyo mjukuu afundishwe kuangalia karatasi ya vidonge imepungua au la.

Na dada akitaka kwenda harusi Pangani au kupumzika tu, mmoja wenu apande basi aje akae na mzee mpaka atakaporudi, hapo kutuma hela hakutoshi.