Ngata ya ukindu na biskuti za mnanaa kwa sungura wetu

Wiki ya kwanza Karafuu alipoletwa kwetu hapa Tanga, aliguguna ubao wa mbuzi ya kukunia nazi mpaka ukingo wote ukajaa chanjo. Mama alikasirika. Mwanangu, ana miaka tisa, akaanza kulia akidhani sungura atarudishwa kwa jirani anayefuga wa nyama, maana huko ndiko alikotoka. Nikaanza kuulizia, na nilichojifunza kilinibadilisha mawazo kabisa. Meno ya sungura hayakomi kukua. Yale ya mbele hurefuka kama milimita 2 kila wiki, zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, na asipopata cha kutafuna yatarefuka kupita kiasi na kumzuia kula. Karafuu hakuwa mtundu, alikuwa na haja.

Kwa hiyo vichezeo vyake natengeneza mwenyewe, na sharti langu ni moja: chochote kinachoingia kizimbani nakihesabu kuwa ni chakula. Nisichotaka kifike tumboni, hakiingii. Sungura hawezi kutapika, akimeza kitu hakina njia nyingine ila kupita matumbo yote.

Sharti hili nimelipata kwa machungu. Siku moja nilimpa gunzi la mahindi ya kuchemsha, nikaliona gumu, safi, tena la bure. Alilimega akameza. Asubuhi yake nikamkuta amejikunyata pembeni, nyasi za jana hazijaguswa, na kizimbani hamna hata punje moja ya kinyesi. Daktari wa mifugo alinieleza kwamba vipande vya gunzi havimeng'enyeki na vinaweza kuziba utumbo. Tulimuuguza siku mbili, kwa sindano na kwa kumlisha kidogo kidogo kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Alipona, alhamdulillahi. Nawasihi wenzangu: sungura akipitisha muda wa saa 12 hali wala hanyi, mpelekeni siku hiyohiyo.

Sasa kichezeo anachokipenda kuliko vyote. Mama husuka ukili wa mikeka, na chane fupi zisizofaa kuendelea kusuka alikuwa akizitupa. Nazichukua zile nyeupe tu. Ukindu uliotiwa rangi siutumii hata uwe mzuri vipi, na mkeka wa zamani pia siukati, kwa kuwa hujui umepuliziwa dawa gani ya kunguni. Nasuka ukili wa upana wa vidole viwili, urefu wa dhiraa moja. Halafu nauzungusha uwe duara kama ngata ya kubebea ndoo kichwani, mzunguko juu ya mzunguko, kisha nafunga sehemu tatu kwa chane hizohizo. Usishone kwa uzi wa nailoni. Wala usifunge kwa katani, ingawa sisi wa Tanga katani tunayo hadi mlangoni: nyuzi zake ndefu zinaweza kujisokota tumboni, na kamba za dukani nyingine zimepakwa mafuta.

Tundu la katikati nalishindilia nyasi kavu, na ndani kabisa naficha jani moja la mnanaa. Hapo ndipo kazi ilipo. Karafuu hulinusa lile jani, akaisukuma ngata kwa pua, akaivuta kwa meno, akaitupa, akaifuata. Ngata moja humchukua siku nne au tano kuimaliza. Nikishindilia nyasi legelege anamaliza mchezo kwa dakika mbili, kwa hiyo shindilia kweli.

Nyasi zenyewe ndizo chakula chake kikuu, angalau sehemu 80 katika 100 za anachokula. Mimi hukata ukoka kwenye kiwanja cha nyuma, si kando ya barabara penye moshi wa magari na mikojo ya mbwa. Nautandaza kivulini juu ya gunia safi, naugeuza asubuhi na jioni, na baada ya siku tatu au nne ukiwa umekauka hunukia vizuri. Ukinusa harufu ya uvundo au ukaona vumbi jeupe, tupa wote. Unyevu wetu wa pwani hauna huruma wakati wa masika.

Boksi la katoni nalo ni mali. Toa selotepu na pini zote, toboa milango miwili (mmoja hautoshi, sungura hapendi mahali pasipo pa kutorokea), weka nyasi ndani, basi. Bomba la karatasi ya chooni lijaze nyasi, ukunje ncha. Matawi ya mforsadi nampa mabichi pamoja na majani yake, yameoshwa, ya unene wa kidole gumba. Ila mparachichi usiuguse, si majani, si gome, si tunda, ni sumu kwake. Vivyo hivyo majani ya nyanya na ya viazi mviringo, vitunguu vya aina yoyote, maharage mabichi, kisamvu kibichi na chokoleti.

Biskuti sasa. Natwanga vijiko vinne vya chakula chake cha punje (zile pellets za sungura). Kinu kiwe hakijawahi kutwangiwa thomu, harufu ile haitoki na thomu yenyewe inamdhuru. Nachanganya na vijiko vinne vya ukoka mkavu niliokatakata kwa mkasi, kiganja kimoja cha mnanaa na kotmiri, na nusu ya ndizi kisukari iliyoiva. Nakanda, na ukigoma kushikana naongeza maji kidogo kwa kijiko cha chai. Sitii sukari, asali, unga wa ngano wala tui. Mwanangu aliwahi kuniomba tumpe kashata kwa sababu ni sikukuu. Nilimkatalia, tukampa jani la mchunga badala yake.

Nafanya vitonge vidogo, navibonyeza viwe vyembamba kama sarafu ya shilingi mia. Vinapikwa kwa moto wa juu na chini kama mkate wa kumimina, lakini makaa yawe machache mno, yaliyokwisha kufunikwa na jivu, kwani lengo ni kukausha tu. Nageuza baada ya dakika kumi, kisha naviacha humohumo hadi makaa yazime. Biskuti iliyokuwa tayari ukiivunja inalia. Ikipinda bila kuvunjika ina maji bado, na ndani ya siku mbili itaota ukungu. Iweke juani kwenye ungo, uifunike kwa chandarua dhidi ya nzi. Zilizokauka sawasawa natia kwenye kopo lenye mfuniko, na zikifika wiki mbili naanza nyingine.

Karafuu ana kilo mbili, anapata biskuti moja kwa siku, na siku hiyo hapati tunda. Kama hana biskuti, basi kijiko kimoja cha chai cha ndizi au papai. Mtoto wa sungura aliye chini ya miezi mitatu asipewe kabisa, tumbo lake halijazoea.

Vichezeo msimpe saa za jua kali. Mchana sungura hulala, na hapa kwetu Januari na Februari joto linapita nyuzi 30, ambalo peke yake ni hatari kwake. Wakati huo anachohitaji ni chupa ya maji yaliyoganda, imefungwa kwa kitambaa, ya kuegemea. Michezo yake ni alfajiri na jioni. Sisi tunaweka ngata mara tu baada ya swala ya magharibi, na mama hukisogeza kigoda chake karibu na kizimba ili atazame.