Sukari ya juisi ianzie kwenye maji moto
Mnaouza juisi ya pasheni hapa Kampala, msimwage sukari moja kwa moja kwenye juisi ya friji. Itatuama chini: mteja wa kwanza anakunywa uchachu, wa mwisho anapata uji wa sukari. Hii yetu ya kahawia yenye chembe kubwa ndiyo kaidi zaidi. Iyeyusheni kwanza kwa maji kidogo ya moto. Mililita 100 za maji ya nyuzi 20 hubeba takriban gramu 200 za sukari. Yakichemka, zaidi ya gramu 450. Yapoe, ndipo mchanganye. Peremende nazo ni hivyo hivyo, ila zipondeni kwanza. Kwenye mafuta ya kupikia msijisumbue, haiyeyuki hata mkikoroga hadi jioni. Waragi, ile pombe kali, nao huyeyusha kidogo kuliko maji.