Kabla ya kubandika mashine ya kibofu mguuni

Mtu anayepanga safari ya Likoni kwa kuhesabu vyoo vya njiani haelezwi maana ya kibofu kisichotulia, kile kinachombana mtu mkojo ghafla na mara kwa mara. Ipo tiba isiyo ya sindano wala kisu: vibandiko viwili mguuni, kimoja nyuma ya kifundo upande wa ndani, kingine kama sentimita 10 juu yake, na umeme mdogo unaopita kwenye neva ya tibia, mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni hadi unyayoni. Baadhi ya mizizi ya neva hiyo hutoka pale pale kwenye uti wa mgongo zitokapo neva za kibofu, ndipo mguu huguswa kibofu kikatulia.

Ila usikimbilie mashine. Pima mkojo kwanza. Huku kwetu Pwani kichocho bado kipo, na mkojo wenye damu, hata tone, ni wa kupelekwa maabara. Maambukizi na sukari nazo humkimbiza mtu chooni vilevile. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asibandike, wala mjamzito. Kama mkojo hauishi kibofuni, una kifafa, au nyayo zimekufa ganzi, daktari ajue mapema.

Kisha daftari. Siku 3 andika saa uliyokwenda, mililita ngapi (jagi la plastiki lenye alama latosha), ulichokunywa, na mara ulizoloa. Hapo ndipo watu huumbuka. Shangazi yangu aliapa hanywi kitu usiku; daftari likatoa vikombe 3 vya kahawa tungu baada ya isha. Alipoviacha, safari za usiku zikapungua kabla hata mashine haijawashwa! Na bila daftari, baada ya wiki 12 utajuaje kama tiba imekufaa?

Siku yenyewe osha mguu kwa sabuni, ukaushe vizuri. Shangazi alijipaka mafuta ya nazi kama kawaida yake, vibandiko vikateleza hadi kisiginoni, akalaumu mashine. Jasho nalo hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo kaa karibu na feni. Penye kidonda usibandike. Mtaalamu wa fiziotherapia akupangie kasi, mara nyingi hezi 10 hadi 20 (yaani mipigo ya umeme kwa sekunde), kwa nusu saa. Pandisha nguvu taratibu mpaka unyayo utekenyeke au kidole gumba kicheze. Ukisikia maumivu, shusha. Ukimaliza, rudisha vibandiko kwenye plastiki yake. Vikishakauka gundi havishiki tena.