Kufunga Kiyoyozi cha Darini Huku Nyanda za Juu: Maji, Usawa na Baridi Yetu

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya mafundi wenzangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na wilaya za jirani ambao siku hizi wanaitwa kufunga viyoyozi vya darini, vile vya kaseti vyenye sura ya mraba na midomo minne ya kutolea hewa. Wapo wanaoshangaa kusikia kwamba kiyoyozi kinafungwa katika mji ambao watu wake wanavaa sweta mwezi wa saba, lakini kazi zipo: vyumba vya seva, maabara, stoo za dawa, kumbi za mikutano zinazojaa watu mchana kutwa, na ofisi zinazotaka joto asubuhi, kwa kuwa viyoyozi vingi vya sasa vinaweza kugeuza mzunguko wa gesi vikapasha chumba badala ya kukipoza.

Nitazungumzia yuniti ya ndani tu. Fundi aliyezoea viyoyozi vya ukutani huenda akadhani kwamba tofauti ni mahali pa kukitundika, na hapo ndipo makosa yanapoanza. Kiyoyozi cha ukutani maji yake hushuka yenyewe hadi nje. Cha darini maji yake hukusanyika kwenye trei iliyo chini ya koili, yaani mabomba yanayopoza hewa, kisha pampu ndogo iliyomo ndani ya yuniti huyapandisha hadi kwenye bomba lililo juu ya trei hiyo. Kwa hiyo kazi hii, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya maji na usawa, na gesi inafuata nyuma.

Nilijifunza hilo kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita nilifunga yuniti mbili katika ukumbi mmoja hapa Mbeya, nikaziwasha, zikapoza vizuri, nikaondoka. Siku ya tatu nikapigiwa simu kwamba maji yanamwagika juu ya meza kuu na mkutano unaendelea. Nilipopanda darini nikakuta bomba la maji limelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu nilikuwa nimelishikilia kwa waya sehemu mbili tu katika urefu wa mita nane. Dari ya jipsamu ilibidi ikatwe na kupigwa upya kwa fedha yangu.

Kuchagua mahali na kutundika

Panda juu ya dari kabla hujachora chochote chini. Nyumba nyingi za huku zina paa la bati juu ya kenchi za mbao, na dari imepigiliwa kwenye vijiti vyembamba ambavyo haviwezi kubeba yuniti. Yuniti yenyewe, paneli yake na maji yatakayokaa kwenye trei vinaweza kufika kilo 30 au zaidi, na mzigo huo hutikisika kila feni inapozunguka. Laza vipande viwili vya chuma cha engo, au mbao imara za inchi 2 kwa 4, juu ya mbao za chini za kenchi mbili zinazofuatana, uvifunge kwa bolti, kisha uteremshe rodi nne zenye nyuzi za milimita 10. Kama juu kuna zege, tumia bolti zinazopanuka ndani ya zege, nawe uzijaribu moja moja kwa kuzivuta kwa uzito wako kabla ya kuziamini.

Mahali panapofaa ni katikati ya chumba, umbali wa mita moja na nusu hivi kutoka kila ukuta ili hewa isirudi kwenye yuniti kabla ya kufika kwa watu. Usitundike juu ya rafu ya seva wala juu ya mashine ya maabara hata mwenye nyumba akikusihi, kwa sababu kila trei ina siku yake ya kuziba.

Ndani ya boksi huwa kuna kipimo cha karatasi ngumu kinachoonyesha ukubwa wa tundu la dari na nafasi ya rodi. Kitumie hicho badala ya kukisia, maana yuniti ndogo yenye mwili wa sentimita 57 kwa 57 na ile kubwa ya sentimita 84 kwa 84 zina matundu tofauti kabisa, na tundu lililozidi halifunikwi na paneli. Wakati huohuo kata mlango wa ukaguzi upande wa kona yenye mabomba, mpana wa kutosha mabega yako kupita. Wenye majengo hawaupendi kwa sababu wanaona unaharibu sura ya dari. Waeleze kwamba bila mlango huo, siku pampu ikifa dari yote itakatwa.

Weka nati na washa juu na chini ya kila sikio la yuniti. Inyanyueni watu wawili mkiwa juu ya jukwaa, si ngazi, na muishike kwenye masikio yake; mkiinyanyulia kwenye bomba la maji mtalivunja. Baada ya hapo anza kusawazisha kwa pima maji pande zote nne, au kwa mpira mwembamba wenye maji ndani, ambao mimi nauamini zaidi kwa sababu haudanganywi na bati lililopinda. Yuniti ikae sawa kabisa. Kama ni lazima ilale kidogo, ilalie upande wa bomba la maji. Ikilalia upande wa pili, maji yatafurika pembeni mwa trei kabla ya swichi ya boya, ile inayozima yuniti maji yakipanda kwenye trei, kuhisi chochote, na yuniti itaendelea kupoza huku dari ikilowa.

Bomba la maji

Hapa ndipo ningependa usimame muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Bomba litoke kwenye yuniti, lipande wima mara moja, ndani ya sentimita 30 za kwanza, kisha lianze kushuka kwa mteremko usiopungua sentimita moja kwa kila mita hadi mwisho wake. Urefu wa kupanda una mpaka wake. Kwa yuniti nyingi ni kama sentimita 70 kutoka usawa wa dari, lakini kitabu cha yuniti uliyonayo ndicho chenye neno la mwisho. Sababu ya kupanda karibu na yuniti ni kwamba pampu ikizimika maji yote yaliyo kwenye kipande hicho hurudi kwenye trei. Ukilitembeza bomba mita mbili kabla halijapanda, yatakayorudi ni mengi kuliko trei inavyoweza kubeba.

Shikilia bomba kila baada ya mita moja hadi moja na nusu. Bomba la plastiki huonekana gumu unapolibeba mkononi, lakini chini ya bati la saa nane mchana hulainika na kujikunja. Livishe insulesheni urefu wote uliomo ndani ya jengo, na kama yuniti kadhaa zinatumia bomba moja kubwa, kila tawi liingie kutoka juu.

Kisha jaribu, na ujaribu kabla paneli haijafungwa. Chukua birika lenye lita moja ya maji, uyamimine taratibu kwenye trei kupitia tundu la majaribio au mdomo wa hewa, mbali na pampu na nyaya. Washa yuniti katika hali ya kupoza. Mwezi wa sita na wa saba chumba chetu huweza kuwa na nyuzi 15 tu, hivyo yuniti hukataa kupoza kwa kuwa inaona kazi imekwisha. Tumia kitufe cha majaribio kilichoelezwa kwenye kitabu. Sikiliza: pampu inapoanza hutoa mvumo mwembamba, kisha utayasikia maji yakigonga kona ya bomba, na baada ya muda mfupi mwenzako aliye nje aone mkondo ukitoka. Zima. Maji machache yatarudi kwa mlio wa kumeza, kisha kimya. Mulika kila kiungo kwa tochi na ukipitishie karatasi kavu ya chooni; unyevu ambao jicho halijauona, karatasi itauonyesha.

Mabomba ya shaba

Kata kwa kikatio, ondoa mabaki ya ukingo huku mdomo wa bomba ukitazama chini, ingiza nati kabla ya kupiga fleya, yaani kuutanua mdomo wa bomba, na ukaze kwa spana mbili, moja yake ikiwa ya kupimia nguvu. Kwa bomba la robo inchi nguvu ni niutoni mita 14 hadi 18, la inchi 3/8 ni 33 hadi 42, na la nusu inchi ni 50 hadi 62. Fundi anayekaza mpaka mkono uchoke hupasua fleya, na ufa wake huonekana baada ya miezi.

Majaribio ya mvujo yafanyike kwa naitrojeni kavu yenye regyuleta (kidhibiti cha mgandamizo), kwa mgandamizo ulioandikwa kwenye kitabu. Kwa viyoyozi vya gesi ya R410A ni karibu megapaskali 4. Kamwe usitumie oksijeni, hata kama mtungi wa mchomeleaji umesimama pale pale mlangoni, kwa sababu oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya mgandamizo hulipuka na kuua.

Baridi yetu huingilia vipimo. Ukijaza naitrojeni jioni kwenye nyuzi 22 na kurudi alfajiri kwenye nyuzi 8, geji itakuwa imeshuka kwa karibu megapaskali 0.2 ingawa hakuna hata tone lililovuja. Andika joto pamoja na mgandamizo, na uhesabu megapaskali 0.01 hivi kwa kila nyuzi moja iliyoshuka, au zaidi kidogo. Nimeona viungo vizima vikikatwa na kuunganishwa upya kwa sababu ya kutojua jambo hili.

Nyaya na paneli sitakawia nazo. Zima umeme kwenye breka na uhakikishe kwa kipimo, fuata namba za vituo kati ya yuniti ya ndani na ya nje bila kuzibadilisha, na usisahau kuunganisha waya wa ardhi. Paneli ikazwe sawasawa kona zote nne. Mwanya ukibaki, hewa baridi hupenya na kufanya jasho pembeni mwa dari.

Maswali ya wanachama wa kundi letu la mafundi

Mwanachama wa Iringa: Shikamoo fundi. Nimenunua pampu mpya ya vakyumu, ile ya kuvuta hewa yote kutoka kwenye mabomba kabla ya kuachia gesi, lakini geji inasimama kwenye inchi 25 za zebaki na haishuki hadi 30 kama mwalimu wetu wa Dar es Salaam alivyotufundisha. Je, nimeuziwa pampu mbovu?

Marahaba. Pampu yako huenda ni nzima kabisa. Geji ya kawaida hupima tofauti kati ya ndani ya bomba na hewa iliyoko nje. Dar es Salaam, usawa wa bahari, hewa ya nje hubeba karibu inchi 30 za zebaki. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yenu hubeba inchi 25 hivi. Hata ukiondoa hewa yote sindano haina pa kwenda zaidi ya hapo. Hapa Mbeya, kwenye mita 1,700, yangu husimama kidogo juu ya 24. Nunua geji ya mikroni (kipimo kidogo sana cha mgandamizo), ambayo husoma mgandamizo halisi na kutoa jibu lilelile pwani na mlimani. Vuta hadi chini ya mikroni 500, funga valvu, usubiri uone kama itapanda. Na usifanye kazi hiyo alfajiri ya baridi, kwa sababu unyevu uliomo kwenye bomba la nyuzi 8 hugeuka mvuke kwa shida kuliko ule wa bomba la nyuzi 25. Ngoja jua liote.

Mwanachama wa Mafinga: Mwalimu, ofisi yetu imefunga cha kaseti kwa ajili ya joto la asubuhi. Kichwani ni moto, miguuni ni baridi, na mashine hujizima mapema.

Hewa ya moto hupanda, na kihisi cha joto kimo ndani ya yuniti, huko huko juu, kwa hiyo mashine inaamini kwamba chumba kimeshapata joto. Elekeza vibao vya midomo chini kabisa, ongeza kasi ya feni, kisha angalia kama rimoti ya ukutani ina kihisi chake; nyingi zinacho, na hubadilishwa kwenye mpangilio ili mashine isome joto la pale watu walipokaa. Dari ikizidi mita tatu, tafuta kwenye kitabu mpangilio wa dari ndefu. Ukiona inasimama kupuliza kwa dakika chache asubuhi yenye umande, yuniti ya nje inayeyusha barafu yake, wala usiifungue.

Mwanachama wa Tukuyu: Naomba kuuliza kama naweza kuunganisha bomba la maji kwenye bomba la choo lililopita karibu.

Hapana, ndugu yangu. Harufu itapanda hadi kwenye trei, na feni itaisambaza chumba kizima. Litoe nje peke yake, mwisho wake ukae juu ya mfereji wa mvua bila kuzama kwenye maji.

Mwanachama wa Kyela: Kaka, bomba la maji nimelijaribu kama ulivyoeleza na liko salama, lakini matone yanatoka kwenye mwili wa yuniti kwa nje, hasa mchana.

Kwenu ziwani joto na unyevu ni vya namna nyingine, na chini ya bati huzidi. Hewa hiyo ikigusa bati baridi la yuniti hutoa jasho. Ongeza insulesheni ya milimita 10 au zaidi pande zote za mwili wa yuniti, na uzifunike pia nati za fleya, kila moja na kipande chake kilichofungwa kwa mkanda ncha zote mbili. Mara nyingi tone hutoka pale pale, kwenye nati ambayo fundi aliiacha wazi akisubiri kupima mvujo, kisha akasahau kurudi.