Jinsi ya kwenda kumsikiliza Bach laivu Leipzig bila kufilisika (na bila kujiaibisha kama mimi)

Kila mwezi wa tano ukiingia naanza kupata meseji zile zile, kaka we si uko huko Ujerumani, hizo konseti za Bach, yule mtunzi wa zamani wa muziki wa kanisani, hapo Leipzig mtu anaingiaje, bei gani, ni lazima suti, asiyejua muziki wa kizungu ataambulia kitu kweli? Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

Mimi mwenyewe sio mwanamuziki jamani. Nimeimba besi kwenye kwaya ya usharika wa KKKT kule Kilimanjaro, solfa nasoma kwa kubabaisha, na siku hizi naishi kama saa moja kwa treni kutoka Leipzig. Hiyo ndo CV yangu yote. Ila kama na wewe umekulia kwenye kwaya ya Kilutheri basi nusu ya kazi umeshaimaliza hata hujakata tiketi, na hiyo sio bahati tu, wamisionari walioanza kazi ya Kilutheri kwa Wachaga mwaka 1893 walikuwa wa Leipzig Mission, mji ule ule. Walikuja na vitabu vyao vya nyimbo, na nyimbo hizo hizo ndo Bach alikuwa anazitumia kutengenezea mambo yake.

Sasa tuanze. Kosa la wengi ni kwenda moja kwa moja kwenye tiketi za Bachfest, ile festivali ya mwezi wa sita. Wanakuta siti nzuri zimeshaisha, zilizobaki bei inauma, wanafunga simu wanasema haya mambo ya matajiri. Hapana, usianzie huko. Anzia Motette, ibada ya muziki pale Thomaskirche, kanisa ambalo Bach alikuwa kantori wake, yaani mkuu wa muziki, kuanzia 1723 mpaka alipofariki 1750, na kaburi lake limo humo ndani, mbele kule altareni. Ijumaa ni saa kumi na mbili jioni, Jumamosi saa tisa mchana (hizo ni saa za kwetu, wao wataandika 18 na 15, kuna jamaa yangu alikwenda saa tisa usiku kwa akili zake mwenyewe, yaani hata sijui nimtetee vipi). Huhitaji kubuku, unanunua programu mlangoni kwa euro chache, hela ya soda na kitumbua tu ukilinganisha na konseti za ukumbini, afu unaingia.

Wanaoimba ni Thomanerchor, kwaya ya wavulana iliyoanzishwa 1212, yaani Bach anazaliwa 1685 kwaya ina miaka zaidi ya mia nne. Sauti ya kwanza na ya pili wanaimba watoto wa kiume, ya tatu na besi ni wale ambao sauti zimeshavunjika. Jumamosi mara nyingi wanaweka kantata nzima ya Bach (kipande cha waimbaji na orkestra chenye sehemu kadhaa) na wapigaji wa Gewandhaus, ile orkestra kubwa ya mji. Muhimu, angalia kalenda kwanza, wale ni wanafunzi, shule zikifungwa au wakiwa safari anaimba mtu mwingine. Sio vibaya ila kama umetoka Dortmund kwa ajili ya wale watoto utaumia.

Wahi. Milango hufunguliwa kama dakika 45 kabla na watu wanakuwa wameshapanga foleni, na hapa ndo kuna mtego, wote wanakimbilia mabenchi ya mbele karibu na altare wakidhani ndo VIP. Kwaya haiko mbele! Kwaya iko juu kwenye roshani ya nyuma, upande wa magharibi penye kinanda kikubwa, kwa hiyo aliyekaa mbele anaangalia altare lisaa lizima na muziki unamjia kisogoni. Mara ya kwanza nilikuwa nageuka geuka kama kuku mpaka bibi mmoja wa Kijerumani akanigusa bega akaniambia taratibu, hapa hatuangalii, tunasikiliza. Ikaniingia. Ukifumba macho mule ndani unaanza kuzitenganisha zile sauti moja moja, unaisikia besi inatembea yenyewe huko chini.

Na kumbuka ile ni ibada, ina sala ya Bwana na baraka, kuna na wimbo wa kusanyiko zima na hapo imba kabisa hata kama Kijerumani chako ni cha kuombea maji. Makofi sio kawaida. Mkimaliza mnatoka kimya kimya, utajisikia kama umemwibia mtu kitu lakini ndo utaratibu.

Umeenda Motette mara mbili tatu, umenogewa, sasa ndo uje kwenye vitu vikubwa. Mtu akiniuliza aanze na kipi namwambia Oratorio ya Krismasi ya Bach, hadithi ya Krismasi iliyotiwa muziki, mwezi wa kumi na mbili inapigwa karibu kila mji wa Ujerumani wenye kwaya inayojiheshimu. Inaanza na ngoma! Ngoma peke yake kwanza, halafu filimbi, halafu tarumbeta zinaingia, sekunde chache tu umeshachangamka. Wale mliokulia na bendi za matarumbeta za kanisani mtanielewa. Na kama ni kundi linalopiga ala za kizamani angalia mikono ya wapiga tarumbeta, tarumbeta zenyewe hazina vitufe, noti zote wanazipata kwa midomo na pumzi, ndo maana wakati mwingine inakosea kidogo na hakuna anayenuna. Zote kwa pamoja ni kantata sita, Bach alizitoa kwa mara ya kwanza kuanzia Krismasi ya 1734 mpaka Januari 1735, siku siku, leo mara nyingi jioni moja wanapiga tatu za kwanza. Inatosha.

Kuelekea Pasaka ndo kuna Passion ya Mathayo, yaani hadithi ya mateso ya Yesu iliyotiwa muziki na Bach. Hii usiende nayo kichwa kichwa maana inakaribia masaa matatu, fanya homework kidogo. Chukua Biblia yako ya Kiswahili usome Mathayo 26 na 27 siku moja kabla, basi, umepata hadithi yote, kwa sababu yule mwimbaji wa sauti ya tatu anayeitwa Mwinjilisti anaimba maandiko yenyewe neno kwa neno. Ukiwa na hiyo hadithi kichwani Kijerumani hakitakusumbua sana. Halafu sikilizia vitu hivi.

Mwanzo kabisa kuna kwaya mbili na orkestra mbili, kwaya ya kwanza inaita njooni mtazame, ya pili inadakia nani? vipi? kuitikiana kabisa kama kwetu, na juu yao watoto wanaleta wimbo wa kanisani taratibu kama hawahusiki na zile fujo. Kingine, kila Yesu akiimba, violini zinamzunguka kwa sauti ndefu laini, kila mara, unaizoea. Mpaka pale msalabani anapolia Eli, Eli, violini zinanyamaza. Anabaki mwenyewe. Hakuna anayekuambia kwamba zimenyamaza, unahisi tu baridi. Na pale Pilato anawauliza mnataka nimfungue nani, kwaya zote zinajibu Baraba! neno moja, sauti zote zinagonga pamoja vibaya kama mlango umebamizwa. Nimeshaona watu wazima wanashtuka kwenye viti.

Na katikati ya yote hayo kuna tuni moja inarudi mara tano kwa maneno tofauti na mara nyingi kwa mapatano tofauti, ile ya kichwa chenye damu na majeraha (O Haupt voll Blut und Wunden), ya Ijumaa Kuu. Mimi mara ya kwanza kuisikia nilikuwa nimeshaanza kusinzia, mara naisikia hiyo, besi yangu ikataka kutoka kinywani yenyewe. Hapo ndo nikaelewa nasikiliza nini. Ushauri wangu mkubwa kwenye hii makala yote ni huu, kabla hujaenda tafuta hiyo tuni, iimbe jikoni mpaka iwe yako, afu ukae pale uihesabu. (Umbea kidogo, hiyo tuni kabla haijaingia kanisani ilikuwa wimbo wa mapenzi, aliitoa Hans Leo Hassler 1601, jamaa kachanganyikiwa na msichana. Mwambie mwalimu wako wa kwaya uone sura yake.) Ila hapa usiimbe kwa sauti tafadhali, hii sio Motette.

Tiketi sasa. Siti za konseti zinapangwa kwa madaraja na katika makanisa haya madaraja yanahusu zaidi unaona nini, sio unasikia nini. Tafuta neno Hörplatz, maana yake siti ya kusikia tu, uko nyuma ya nguzo au chini ya roshani na mpigaji humuoni hata mmoja. Ni bei rahisi kuliko zote na kwa Bach ndani ya Thomaskirche nakuapia hupotezi kitu, si nimeshasema hata wa mbele hawaoni. Mwanafunzi usisahau kitambulisho, kuna punguzo sehemu nyingi. Na ile inayoitwa imeisha kwenye mtandao nenda mlangoni saa moja kabla, kila mara kuna mtu ana tiketi ya mkewe anayeumwa.

Mavazi, suti sio lazima, suruali safi na shati inatosha, wengine wanakuja na jinzi. Kinachohitajika kweli ni koti hata kama nje kuna jua, makanisa ya mawe yana ubaridi wake na mabenchi ni mbao tupu, wazee wenye uzoefu utawaona wana vimito vyao vya kukalia, usiwacheke. Pipi ya kikohozi ifungue KABLA, lile karatasi likianza kulia kwenye kimya cha kanisa utatamani ardhi ipasuke. Simu izime, sio vaibresheni.

Wasipoanza mara moja usikasirike. Wanaotumia ala za kizamani nyuzi zao ni za utumbo wa kondoo, zikikutana na joto la watu mia tano zinatoka kwenye tuni, kwa hiyo wanatuni, wanapiga, wanatuni tena. Pia utasikia kila kitu kiko chini kidogo, mara nyingi ile noti ya kutunia wanaiweka herzi 415 (mitetemo kwa sekunde) badala ya 440, kama nusu toni. Ukiwa na sikio kali itakusumbua dakika mbili halafu utaipenda. Kile kinanda kinacholia kama mvua kwenye bati ni harpsikodi, ndani hakipigi uzi kwa nyundo kama piano, kinaukwanyua, ndo maana hata ukikibamiza hakiongezi sauti.

Kuhusu makofi. Kipande kimoja kina sehemu nyingi na kila ikiisha sehemu kunakuwa na kimya, usipige, subiri kondakta ashushe mikono na ageuke. Wewe uliyezoea taarabu, kuinuka na kwenda kumtunza mwimbaji kwa noti ya elfu kumi, jizuie ndugu yangu. Mimi aibu yangu ilikuwa nyingine. Kulikuwa na Masiya ya Handel kanisa moja dogo, na nilikuwa nimesikia kwamba kwenye Haleluya watu wote wanasimama. Kwaya ikaanza, nikasimama kwa nguvu zote, kifua mbele. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Peke yangu. Kumbe kusimama ni desturi ya Waingereza, hawa walikuwa wamekaa zao wananiangalia. Kukaa siwezi tena, kusimama siwezi, nilimaliza Haleluya nzima wima kama mlingoti, ila niliimba besi yote moyoni.

Handel mwenyewe kazaliwa Halle, nusu saa hivi kwa treni kutoka Leipzig, mwaka ule ule 1685 na Bach, na hawajawahi kuonana. Halle wana festivali yao ya Handel inayotangulia kidogo ile ya Leipzig, kwa hiyo ukijipanga safari moja unaunganisha zote mbili.

Kwa wanaotaka vya nyuma zaidi, vya Renesansi, festivali kubwa ni ya Utrecht kule Uholanzi, mwisho wa mwezi wa nane, ipo tangu 1982. Muziki wa Renesansi (kama karne ya 15 na 16) mwingi ni wa sauti tupu, watunzi kina Palestrina na Josquin, mara chache kuna ngoma au tarumbeta ya kukuamsha, kwa hiyo nenda ukiwa umelala vizuri. Watu wa pwani ninyi nendeni mkasikilize luti, ni udi huo huo wa taarabu, hata jina limetoka kwa al-ud ya Kiarabu, ulivuka na Waarabu kuingia Hispania, Wazungu wakauwekea vigawanyo shingoni. Rafiki yangu wa Unguja alisikia dakika tano akasema huyu anapiga vizuri lakini kwa nini anaogopa.

Kahawa kanywe karibu na Thomaskirche kabla ya kuingia. Bach na kundi lake la wanafunzi wa chuo walikuwa wanapiga muziki kwenye mkahawa wa Zimmermann hapo hapo mjini na kuna kantata nzima ya kuchekesha kuhusu binti aliyelewa kahawa na baba anayemkataza. Nyumba yenyewe ya Zimmermann iliangamia kwenye mabomu ya 1943 kwa hiyo usipoteze muda kuitafuta.

La mwisho, angalia treni ya mwisho ya kurudi kabla hujaingia, sio ukitoka. Passion ikianza saa moja usiku ina mapumziko katikati, ukijumlisha na foleni ya makoti unatoka karibu saa tano, na treni za mikoa hazimsubiri mtu anayefuta machozi.