Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchambua Tanzia na Filamu Yake: Macbeth na Kurosawa

Uchambuzi mwingi wa tanzia, yaani tamthilia inayoishia kwa maangamizi ya mhusika mkuu, huharibika kabla kalamu haijagusa karatasi. Mchambuzi anakaa mezani akiwa tayari na neno moja, mara nyingi "tamaa", kisha anaipekua tamthilia nzima akitafuta maneno ya kulithibitisha. Akimaliza, anakuwa amesimulia hadithi upya na kubandika "tamaa" mwishoni mwa kila aya. Maandalizi ya maana huanzia kwenye swali jingine: mhusika alipoamua, alikuwa anajua nini, nani alimsikia, na alikuwa na njia gani nyingine?

Tutaonyesha hilo kwa Macbeth, tanzia ya William Shakespeare iliyoandikwa mwaka 1606 hivi kuhusu jemadari anayemuua mfalme wake na kutwaa ufalme, pamoja na filamu ya Akira Kurosawa ya mwaka 1957 iliyoihamishia Japani ya enzi za vita vya makabaila, inayojulikana kwa Kiingereza kama Throne of Blood. Kazi hizi mbili zinakaribiana sana kwenye msuko. Zinapoachana, ndipo penye kazi ya mchambuzi.

Anza na matini. Macbeth ndiyo tanzia fupi kuliko zote za Shakespeare, mistari elfu mbili na ushei tu, kwa hiyo inasomeka yote kwa mkao mmoja. Ifanyie hivyo mara ya kwanza, bila kalamu. Kalamu ishike mara ya pili. Ukinukuu, andika tendo na onyesho kwanza, ndipo namba ya mstari, na utaje toleo unalotumia, kwa sababu namba za mistari hutofautiana kati ya toleo na toleo, hasa pale wahusika wanapozungumza kwa nathari, yaani lugha isiyo ya kishairi. Ukisomea tafsiri ya Samuel Mushi, Makbeth ya mwaka 1968, jenga hoja zako juu ya matendo na mpangilio wa matukio. Hoja inayoning'inia kwenye neno moja inaweza kuwa imesimama juu ya uamuzi wa mtafsiri, na kuthibitisha vinginevyo kutakulazimu ulinganishe na Kiingereza.

Historia inatosha kurasa mbili za daftari. James wa Scotland alirithi ufalme wa Uingereza mwaka 1603, na mwaka 1605 ukagunduliwa mpango wa kumlipua kwa baruti pamoja na Bunge lake. Mfalme huyo alikuwa ameandika kitabu kuhusu uchawi, na ukoo wake ulijinasibisha na Banquo, ambaye katika tamthilia ni jemadari mwenzake Macbeth. Sasa angalia: katika masimulizi ya historia ya Holinshed, ambayo Shakespeare aliyatumia, Banquo ni mshirika katika mauaji ya mfalme Duncan. Kwenye tamthilia mikono yake haina damu. Tena Macbeth wa historia alitawala miaka 17, kuanzia 1040 hadi 1057, ilhali yule wa jukwaani hata pumzi hapati. Mabadiliko ya namna hii ni ushahidi. Mwandishi aliyemsafisha Banquo alitaka mtu wa pili asikie wachawi wakitabiri, kama alivyosikia Macbeth, na asiue, ili tuweze kulinganisha.

Baada ya hapo tengeneza ratiba ya nani anajua nini, na lini. Hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Chukua Tendo la 1, Onyesho la 3. Wachawi wanamsalimu Macbeth kwa vyeo vitatu: bwana wa Glamis, bwana wa Cawdor, na mfalme wa baadaye. Cheo cha kwanza tayari anacho. Cha pili mfalme ameshampa katika onyesho lililotangulia. Sisi watazamaji tumesikia, yeye bado. Kinachobaki kuwa utabiri ni kimoja tu. Ujumbe wa mfalme unapomfikia muda mfupi baadaye, Macbeth anaona neno limetimia mbele ya macho yake, na papo hapo wazo la kuua linamjia hata nywele zinamsimama. Hakuna mchawi aliyemwambia aue, na mke wake hajaonekana bado jukwaani. Ukiliandika hilo kwenye ratiba yako, hutaweza tena kusema kwamba wachawi walimlazimisha, wala kwamba mke ndiye aliyelipanda wazo hilo kichwani mwake. Utaona pia namna kinaya kinavyofanya kazi: mtazamaji anajua cheo cha Cawdor kilikotoka, mhusika anakiona muujiza.

Kisha fungua daftari la wahusika. Kila mhusika mkuu apewe ukurasa wenye safu nne: anachosema akiwa na watu, anachosema akiwa peke yake, anachotenda, na maonyesho ambayo hayumo. Safu ya nne watu huiona ya ziada. Jaribu kumjazia Lady Macbeth. Katika Tendo la 1 na la 2 ndiye anayesukuma mambo: anasoma barua, anamshutumu mumewe kwa uoga, anarudisha chumbani majambia ambayo mumewe ameyatoa na anaogopa kuyarudisha. Katika Tendo la 3, Onyesho la 2, mumewe anamwambia asijisumbue kujua kinachopangwa hadi kitakapokwisha. Anaiokoa karamu pale mzuka wa Banquo unapotokea, halafu hatumwoni tena mpaka Tendo la 5, anapotembea usingizini akisugua mikono. Tendo zima la 4 hayumo. Kifo chake tunakisikia kwa kutajwa tu. Mchambuzi asiye na safu hiyo huandika "Lady Macbeth ni katili" na kuendelea. Aliye nayo ana la kuuliza: mtu anaondolewaje katika uamuzi alioushiriki yeye mwenyewe, na kuondolewa huko kunamfanya nini?

Usimpe mhusika sifa ambayo huwezi kuisimamisha kwa angalau maonyesho mawili, na kama yanapingana, afadhali. Macbeth ni jasiri vitani na anatetemeka kizani. Onyesha ni nini kinachobadilisha hali yake kati ya sehemu hizo mbili.

Fuatilia pia mauaji yenyewe kwa mfuatano. Duncan anauawa na Macbeth kwa mkono wake, baada ya kusitasita: katika Tendo la 1, Onyesho la 7, anajihesabia mwenyewe kwamba mfalme ni ndugu yake, ni bwana wake, ni mgeni wake, na ni mtawala mpole. Banquo anauawa na watu waliotumwa. Mke na watoto wa Macduff, mtukufu anayempinga Macbeth, wanauawa pia na waliotumwa, ilhali Macduff mwenyewe keshakimbilia Uingereza, kwa hiyo damu hiyo haina hata faida ya kisiasa. Kusitasita kunapungua, mkono unakaa mbali, na sababu inadhoofika. Mstari huo mmoja unabeba nusu ya uchambuzi wa tabia yake.

Dhamira iandike kama sentensi kamili yenye kitenzi. "Madaraka" ni mada tu. "Mtu aliyepata ufalme kwa kuua hulazimika kuua tena ili kuulinda, na kila kifo humpunguzia usalama" ni dhamira, kwa sababu mtu anaweza kuibishia kwa kutumia matini. Kama unajiandaa kwa mtihani, zingatia desturi ya shule zako: Tanzania wengi huweka dhamira kama sehemu ya maudhui, na Kenya maudhui ndiyo mambo yanayozungumziwa huku dhamira ikiwa lengo la mwandishi. Jibu zuri linaweza kupoteza alama kwa kujibu kipengele kingine.

Kuhusu Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mwache asubiri. Nadharia yake ya tanzia, ya karne ya 4 KK, inamfaa zaidi Mfalme Edipode wa tanzia ya Kigiriki, ambaye anatenda bila kujua na kuanguka siku anapojua. Macbeth anajua kabla. Ukimlazimisha aingie kwenye kiolezo cha shujaa mwenye kosa la kutojua, utaifuta hotuba yote ya Tendo la 1, Onyesho la 7. Tumia dhana ya kosa na ya utambuzi, lakini eleza wapi haziingii.

Sasa filamu. Ina urefu wa karibu saa moja na dakika 50, nyeusi na nyeupe, na hakuna ushairi wa Shakespeare ndani yake. Itazame mara ya kwanza yote bila kusimamisha. Mara ya pili andika saa na dakika ya kila tukio unalokusudia kulitaja, kwani filamu haina ukurasa wa kumrejesha msomaji wako. Mara ya tatu chagua matukio matatu tu, uyatazame bila sauti, halafu usikilize sauti bila kuangalia picha. Njia hiyo inafunua mengi kwenye tukio ambalo Asaji, mke wa Washizu (hawa ndio Lady Macbeth na Macbeth wa filamu), anakwenda kuchukua sake, pombe ya Kijapani, yenye dawa ya kuwalewesha walinzi. Anaingia gizani, anapotea, anarudi na mtungi. Hasemi neno. Kinachosikika ni mchakacho wa kimono yake sakafuni. Uso wake umetulia kama kinyago cha Noh, sanaa ya maonyesho ya kale ya Japani ambayo Kurosawa aliitumia kwa makusudi, na kamera mara nyingi inawakalia wahusika kwa mbali. Kwa hiyo anayetafuta hisia kwenye macho yaliyokaribiwa, kama alivyozoea katika filamu nyingine, ataandika kwamba uigizaji ni baridi. Atazame miguu, umbali kati ya watu, na ukimya.

Tengeneza jedwali la tofauti, na mbele ya kila tofauti uandike matokeo yake. Badala ya wachawi watatu yuko mzimu mmoja wa msituni anayezungusha gurudumu la kusokotea nyuzi. Bwana anayeuawa katika filamu si Duncan mpole: Asaji anamkumbusha mumewe kwamba hata yeye alipata cheo kwa kumuua aliyemtangulia, na kwamba Miki, yaani Banquo wa filamu, akimfikishia bwana habari za utabiri, watakaoangamia ni wao. Hapo hofu inabeba uzito mwingi kuliko tamaa. Washizu na mkewe wanapangia mauaji kwenye chumba chenye doa la damu ya msaliti aliyetangulia. Doa lipo ukutani kabla ya wao kutenda lolote. Asaji anapata mimba, na mtoto anazaliwa amekufa. Mwishoni hakuna Macduff wa kulipiza kisasi. Askari wa Washizu mwenyewe ndio wanaommiminia mishale.

Ukiyaweka hayo pamoja, dhamira ya filamu haiwezi kuwa ileile. Tamthilia inamwonyesha mtu anayevunja utaratibu uliokuwa mwema, kisha Malcolm, mwana wa Duncan, anaurudisha. Filamu inaonyesha ulimwengu ambamo usaliti ulikuwepo kabla ya Washizu, na inafunguka na kufungwa kwa wimbo juu ya mahali palipokuwa na ngome. Kosa la kawaida hapa ni kuihukumu filamu kwa kipimo cha uaminifu, kwamba "imeacha hiki, imebadilisha kile", bila kusema badiliko limeleta nini. Kosa la pili ni kuchanganya majina, ukamwandika Asaji kwa maneno ya Lady Macbeth. Tumia kalamu za rangi mbili kwenye daftari.

Kabla ya kuandika, hakikisha una nukuu 8 hadi 10 fupi kutoka kwenye tamthilia, matukio 4 au 5 ya filamu yenye dakika zake, na sentensi moja ya hoja kuu. Kwa insha ya maneno 1,000, nusu ya nukuu hizo zitabaki nje. Zinazobaki nje zipitie mara ya mwisho: ikiwa mojawapo inapinga hoja yako, irudishe ndani na uijibu.