Mgonjwa wa mashine anakwenda CT-Scan: namna ya kumtoa ICU na kumrudisha salama

Juzi zamu ya usiku nilipangwa pamoja na muuguzi mgeni, ndiyo kwanza anamaliza wiki ya tatu ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Kitanda cha nne alilala kijana wa bodaboda, kaumia kichwa, yuko kwenye mashine ya kupumulia, na daktari kaandika CT ya kichwa irudiwe usiku huohuo. Mgeni wangu akanigeukia: "Dada, tunaanzia wapi?" Nikataka kumjibu kwa sentensi moja, nikashindwa. Mimi mwenyewe nilifundishwa kazi hii kwa kufokewa, kipande leo kipande kesho. Tulipomrudisha yule kijana nikakaa nikaandika haya.

Nachukulia unajua kuendesha mashine ya kupumulia na kusoma monita. Hayo siyagusi.

Hatua ya 1: Uliza kama safari ina ulazima

Kama swali la daktari linaweza kujibiwa na ultrasaundi au eksirei ya kitandani, mgonjwa abaki pale alipo. Kuuliza si utovu wa adabu.

Hatua ya 2: Piga simu radiolojia

Usiondoke mpaka wakwambie meza iko wazi na mtu wa kupiga picha yuko chumbani, si "anakuja". Kama picha ina dawa ya mshipani, matokeo ya figo yawe mkononi.

Hatua ya 3: Nani anakwenda

Wasipungue wawili mbali na mhudumu wa kusukuma kitanda, na mmoja wao awe anaweza kurudisha tyubu, ule mpira wa kupumulia ulio kooni, ikitoka. Daktari akisema "nendeni tu, nawafuata", msubirini.

Hatua ya 4: Tyubu

Soma namba iliyo usawa wa meno, iandike kwenye tepu ubandike mahali inapoonekana. Kwa watu wazima wengi ni kati ya sentimita 21 na 23. Kaza kamba upya, fyonza makohozi, pima puto la tyubu: sentimita 20 hadi 30 za maji. Funga chakula cha mpira wa puani na unyonye kilichobaki tumboni, maana kwenye meza atalala chali kabisa.

Kama mna kapnografu, kifaa kinachopima kaboni dioksidi anayotoa mgonjwa, iende na mgonjwa, hata kama itabidi uiazime chumba cha upasuaji. Uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2011 kuhusu ajali za njia ya hewa uliona kwamba kukosekana kwa kifaa hicho huenda kulichangia zaidi ya asilimia 70 ya vifo vya aina hiyo vilivyotokea ICU. Oksijeni ya kidoleni huchelewa kusema. Tyubu inaweza kuwa imeshatoka, na monita bado inakuandikia 97.

Hatua ya 5: Mtungi wa oksijeni

Hapa nitakaa.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunamteremsha mama mmoja. Nilichukua mtungi uliokuwa kwenye kona, geji inasoma 140, nikaona umejaa. Tukachomeka mpira wa ambu, ule mfuko wa kumpumulisha mgonjwa kwa mkono, tukasikia inavuma, tukaondoka. Mlango wa lifti ulipofunga nikaona ule mfuko wa nyuma wa ambu umesinyaa kama puto la juzi. Geji sifuri. Monita 96, 91, 84. Tukambana ambu kwa hewa ya kawaida hadi chini, na mhudumu akatangulia mbio kuleta mtungi wa radiolojia. Mama alipona, lakini ile lifti bado naiota.

Nikaandika kwenye ripoti kwamba geji ni mbovu. Sehemu kubwa ya usiku uliobaki niliutumia kuugeuzageuza ule mtungi na sikuona kosa. Asubuhi fundi wa vifaa tiba akaja, akatia spana, akazungusha koki robo mzunguko. Sindano ikapanda hadi 140. Geji nzima, mtungi umejaa! Aliyeutumia kabla yetu alifunga koki bila kuachia ile hewa iliyobaki ndani ya regulata, kile kipunguza presha chenye geji. Presha ikabaki imenaswa humo, geji inaisoma kama kawaida, na hewa yenyewe haifiki hata pumzi mbili. Oksijeni tulikuwa nayo lifti nzima. Spana ndiyo ilibaki juu.

Kwa hiyo, kwa mpangilio huu na si mwingine:

Fungua koki polepole hadi mwisho, kisha rudisha kidogo. Koki iliyofunguliwa nusu hutoa geji nzuri na hewa hafifu. Mikono isiwe na mafuta wala losheni. Oksijeni yenye presha na mafuta huwaka, na hilo si hadithi ya kutishia wanafunzi.

Weka lita 15 kwa dakika kwenye kile kibomba chenye kigololi kinachopima kasi ya hewa, uache ipige dakika nzima huku unaitazama sindano. Ikishuka mbele ya macho yako, koki haijafunguka au mtungi umekwisha. Ikitulia, ndipo usome.

Sasa angalia geji imeandikwa kwa kipimo gani cha presha. Hapa ndipo watu wazima wenye vyeti hukosea. Kwenye wodi moja utakuta geji ya bar, nyingine ya PSI, nyingine ya MPa, kutegemea nani alileta msaada mwaka gani. PSI gawanya kwa 14.5 upate bar, kwa hiyo 2,000 ni kama bar 138. MPa zidisha kwa 10, kwa hiyo 12 ni bar 120. Mtu aliyezoea bar akiona 12 atadhani mtungi umekwisha. Aliyezoea PSI akiona 120 atafikiri vivyo hivyo.

Kisha tafuta ujazo wa chuma chenyewe, lita za maji, uliogongwa shingoni mwa mtungi. Usikadirie kwa macho. Na rangi usiiamini: mtindo wa zamani wa Kiingereza ni mwili mweusi na bega jeupe, wa Kimarekani ni kijani, na hapa nchini tuna yote mawili. Soma lebo.

Hesabu ni hii: bar toa 20, zidisha kwa ujazo. Zile 20 za mwisho mimi sizihesabu kabisa, ni za dharura. Mtungi wa lita 10 wenye bar 120 unakupa 100 mara 10, yaani lita 1,000. Kwa lita 15 kwa dakika ni dakika 66.

Safari: dakika 5 kwenda, 20 mezani, 5 kurudi. Jumla 30. Zidisha kwa mbili, 60. Unapita, kwa shida. Anayeona kuzidisha kwa mbili ni woga hajawahi kukuta lifti imekwama au mgonjwa wa ajali ametangulizwa mezani mbele yake.

Watakwambia mgonjwa yuko kwenye oksijeni ya asilimia 40 kwa hiyo anatumia kidogo. Ni kweli, na mimi bado nahesabu 15 kwa kila mtu, kwa sababu mambo yakiharibika utampa asilimia 100 kwa ambu. Tahadhari mbili: mashine ndogo za safari zinazoendeshwa kwa nguvu ya oksijeni yenyewe hula zaidi ya kile anachovuta mgonjwa, na mgonjwa wa oksijeni ya puani ya kasi kubwa anaweza kutumia hadi lita 60 kwa dakika. Mtungi wetu wa lita 1,000 humwishia ndani ya dakika 17. Huyo simtoi kwa mtungi mmoja.

Spana ifungwe kwa kamba kwenye mtungi. Isiwe mfukoni mwako wala kwenye droo.

Hatua ya 6: Dawa na pampu

Noradrenalini, dawa ya kushikilia presha, ikiwa imebaki ya chini ya saa moja, badilisha bomba la sindano kwenye pampu kabla ya kutoka; kwenye korido hakuna mtu anayebadilisha bomba vizuri. Pampu zikae usawa wa kifua cha mgonjwa. Ukiinyanyua pampu ghafla kuipachika kwenye stendi, dawa humwingia dozi ya ghafla, na ukiishusha husita. Presha inacheza, nanyi mnatafuta sababu kwenye moyo.

Betri: taa ya kijani ya monita ya zamani haimaanishi kitu. Ichomoe ukutani uone. Dawa ya usingizi na adrenalini ziwe zimevutwa na kuandikwa majina. Ambu na barakoa yake ikae kichwani pa mgonjwa, hata kama mna mashine ya safari.

Hatua ya 7: Dakika kumi kando ya kitanda

Mhamishie kwenye vifaa vya safari ukiwa bado ndani ya ICU, ukae dakika kumi. Akivuruga hapo, unamrudisha ukutani kwa hatua mbili. Hatua hii wengi huiruka kwa sababu radiolojia wanapiga simu. Waache wapige.

Hatua ya 8: Njiani na mezani

Wakati wa kumhamisha kwenda mezani, aliyeshika tyubu ndiye anayehesabu moja, mbili, tatu, si mwenye sauti kubwa. Mpira wa kifuani, ule wa kutoa hewa au maji, usibanwe kwa mgonjwa wa mashine hata kidogo: kama hewa inavuja kwenye pafu itajaa kifuani na kumuua. Chupa yake ikae chini ya kifua, basi. Mpira wa kutoa maji ya ubongo ni kinyume: huo unabanwa wakati wa kumwinua, na unafunguliwa akishatulia. Yule kijana wa bodaboda hakuwa na wowote, lakini mgeni wangu aliniuliza tofauti yake tukiwa kwenye lifti, nikafurahi.

Kabla ya mlango kufungwa, meza isukumwe mara moja mbele na nyuma muone kama kuna mpira unaovutika. Monita igeuzwe itazame kioo.

Hatua ya 9: Kurudi

Rudisha oksijeni ya ukutani kwanza, mengine baadaye. Soma namba ya tyubu, sikiliza pande zote mbili, inua kichwa cha kitanda nyuzi 30, chomeka betri zote.

Halafu mtungi. Funga koki, acha kigololi kishuke chenyewe na sindano ifike sifuri, ndipo ufunge kibomba. Yule mgeni alitaka kukifunga kibomba geji ikiwa bado inasoma 90. Nilimshika mkono, tukaisikiliza hewa ikiisha, kisha akaandika kwa chaki ubavuni: "90, saa 9 usiku."